Gari limeondoka, baiskeli zimebaki: kuigeuza gereji ya nyumbani kuwa karakana

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Raskazone, Tanga. Gari nimeliuza na gereji imebaki tupu. Ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 5 na nusu, kuta za tofali za saruji zilizopigwa lipu, bati juu bila dari, mlango wa chuma, dirisha hakuna. Baiskeli tunazo sita: Phoenix mbili (moja ya marehemu baba), mbili za Kijapani za mke wangu na binti yangu, moja ya milimani ambayo ni yangu, na ndogo ya mtoto. Nataka nizihifadhi humo na nizitengeneze mwenyewe, na Mungu akijalia niwatengenezee na majirani. Nimeandika orodha ndefu ya vifaa na nimefikiria kuzitundika zote ukutani. Nianze na kipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo orodha ikunje uiweke kabatini, tutaifungua baadaye. Mtu wa Raskazone, bahari ikiwa karibu hivyo, haanzi na spana. Anaanza na hewa na sakafu. Spana zipo kila siku. Ukizinunua leo ukazifungia katika chumba kisicho na hata tundu moja, masika yakiisha utakuwa na spana za rangi ya kahawia na baiskeli sita zinazolia.

Nikueleze kwa nini, maana ukilielewa hili mengine mengi utayapanga mwenyewe. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi, nazo hutua juu ya kila kitu: bati, mlango, spoku, cheni. Chumvi hunyonya maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe bila tone la mvua, na usiku wa pwani unyevu huvuka hapo mara nyingi tu. Kwa hiyo chuma unachokiona kikavu saa nne asubuhi kimelala usiku kucha chini ya utando wa maji ya chumvi usioonekana kwa macho. Ndiyo maana baiskeli ya Tanga huoza spoku pale zinapoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), wakati nyingine ya umri huohuo iliyoko Dodoma bado inang'aa.

Wako watakaokushauri uzibe kila upenyo ili chumvi isiingie. Mimi sikubaliani nao. Gereji haizibiki, mlango wa chuma una nafasi pembeni, bati lina mawimbi, na kila ukifungua unaingiza hewa mpya. Ukiziba unachofanya ni kuufungia unyevu ndani ukae na vyuma vyako. Toboa ukuta mmoja wa upande, sentimita 20 au 30 juu ya sakafu, uweke matofali mawili au matatu ya matundu. Kisha toboa ukuta unaotazamana nao, juu kabisa karibu na bati, uweke mengine. Hewa ya moto itatoka juu na ya chini itavutwa iingie, hata siku isiyo na upepo. Weka wavu wa mbu kwa ndani na grili ya nondo kwa nje. Kama una hiari ya kuchagua, matundu ya chini yasitazame bahari moja kwa moja. Kusi inapovuma kuanzia Aprili utaona tofauti. Na kama ukuta mmoja unatazama baharini na huna namna, weka hapo kidirisha cha vioo vya kufunga na kufungua, ukifunge upepo ukiwa mkali.

Bati bila dari nalo lina mambo yake. Usiku mabati hupoa haraka kuliko hewa iliyo chini yake, umande ukajikusanya upande wa ndani na kuanza kudondoka alfajiri. Umewahi kukuta vidoa vyenye mstari sakafuni ukadhani paa linavuja? Mara nyingi ni huo umande unaofuata mawimbi ya bati. Dari rahisi ya mbao nyembamba au sailingibodi, yenye nafasi ya hewa kati yake na bati, inamaliza tatizo na kupunguza joto la mchana. Kama fedha haijatosha, angalau tambua matone yanadondokea wapi, na usiweke baiskeli wala droo za vifaa chini yake.

Sasa sakafu. Chukua kipande cha nailoni cha mita moja kwa mita moja, kibandike sakafuni pande zote nne kwa selotepu pana, ukiache mchana mmoja na usiku wake. Ukikifunua ukakuta maji upande wa chini, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukikuta maji upande wa juu tu, unatoka hewani, na matundu yako yatakusaidia. Hili jaribio halina gharama na linakuokoa na hasara moja kubwa, nayo ni kupaka rangi ya sakafu juu ya zege linalopumua maji. Hiyo rangi itavimba na kubanduka kama ukoko wa wali kabla mwaka haujaisha. Ikiwa unyevu unatoka chini na bajeti ipo, tandika nailoni nzito na umwage zege jipya juu yake; kama haipo, iache sakafu bila rangi na ufanye kazi yako. Ukimwaga zege jipya, lipe siku 28 likomae kabla ya kulipaka chochote, na mteremko uelekee mlangoni, sentimita 1 au 2 kwa kila mita, ili ukiosha baiskeli maji yajue pa kwenda. Usiweke niru inayoteleza wala marumaru. Tone moja la mafuta juu ya marumaru na umelala chini na Phoenix juu yako.

Hizo doa za oili zilizoachwa na gari, zimwagie unga wa mbao uzinyonye, fagia, kisha sugua kwa sabuni ya unga na brashi ngumu. Hazitatoka zote, lakini hazitakuwa zinachafua matairi.

Wakati mzuri wa kufanya haya ni Januari na Februari, kukiwa kukavu kabla masika hayajaingia Machi.

Tuje kwenye mpangilio. Hapa nitakupinga kwenye wazo la kutundika zote sita. Picha za gereji za Ulaya na Marekani ndizo zilizotuharibu: baiskeli nyepesi za kilo 8 zimepangwa ukutani kama maonyesho. Zako si hizo. Phoenix yenye keria, madigadi na stendi inazidi kilo 20. Ya Kijapani yenye kikapu mbele na stendi pana nyuma haiko mbali na hapo. Ukimtundikia mke wako baiskeli ya namna hiyo kwenye ndoano ya mita mbili, ataishusha siku mbili, siku ya tatu ataiacha varandani, na hiyo ya varandani ndiyo itakayoibwa. Baiskeli inayotumika kila siku ikae sakafuni, karibu na mlango, itoke bila kuhamisha kitu chochote. Hiyo ndiyo kanuni yangu pekee ya kuhifadhi.

Pima hivi. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa karibu mita 1.8, na usukani unachukua sentimita 55 hadi 70. Gereji yako ina upana wa mita 3. Meza ya kazi yenye kina cha sentimita 60 ukuta wa kulia inakuachia mita 2.4. Baiskeli mbili za Kijapani zikisimama sambamba na ukuta wa kushoto, moja mbele ya nyingine kuanzia mlangoni, zinakula sentimita 60 za upana na karibu mita 3.7 za urefu. Katikati unabaki na mita 1.8. Hapo ndipo pa kufanyia kazi, na panatosha kuizunguka baiskeli iliyo juu ya stendi ya kutengenezea bila kusugua mgongo ukutani. Kama ungetundika wima kwenye ukuta huo wa kushoto, kila baiskeli ingechomoza zaidi ya mita moja kuja katikati, na nafasi yako ya kazi ingekwisha. Ukuta wa kutundikia ni wa nyuma, usiopitika.

Kwa hiyo ukuta wa nyuma weka ndoano mbili: ya baiskeli yako ya milimani na ya mtoto. Phoenix ya kazi isimame sakafuni kando yake. Ya marehemu mzee, ambayo nadhani haitembei sana, iweke pembeni kabisa. Chora yote haya kwa chaki sakafuni kabla ya kutoboa hata tundu moja, kisha ingiza baiskeli zote uone kama zinatoka.

Kuhusu ndoano zenyewe, usiamini fisha moja (kile kiplastiki cha kushikia skrubu) kwenye tofali la saruji. Matofali yetu mengi ya mitaani yana mchanga mwingi kuliko saruji, na lipu juu yake inaficha udhaifu. Ndoano inashika vizuri siku ya kwanza, kisha inaanza kutikisika kila ukishusha baiskeli, mwisho inang'oka na kipande cha ukuta. Chukua ubao wa 2 kwa 4 wenye urefu wa mita 2 hivi, ulaze ukutani, uufunge kwa rolboti (boliti zinazotanuka ndani ya ukuta) nne au tano zilizotawanywa, uzito ugawanyike. Ndoano zikazwe kwenye ubao. Kwa baiskeli ya mtu mzima ubao ukae mita 1.9 hadi 2 kutoka sakafuni, gurudumu la chini libaki likining'inia kidogo juu ya sakafu. Visha kila ndoano kipande cha tyubu kuukuu isikwaruze rimu. Ndoano mbili za jirani zipishane kwa juu na chini sentimita 20 au 30, ya chini ikiwa na ubao wake, ili usukani usigombane na pedali za jirani.

Ukitaka kutumia kenchi badala ya ukuta, sawa, lakini funga kwenye mbao ya kenchi yenyewe, karibu na maungio, kamwe si kwenye papi (zile mbao nyembamba) wala kwenye dari.

Ile ya mzee inahitaji neno lake. Baiskeli isiyotembea huharibika kuliko inayotembea, na watu husingizia sakafu ya saruji kwamba inakula matairi. Saruji haina kosa. Tairi lililokaa bila upepo hukunjika chini ya uzito na kupasuka pale lilipokunjika. Ipandishe juu ya vipande vya mbao magurudumu yawe hewani, au ijaze upepo kila baada ya wiki chache na uizungushe kidogo. Vyuma vya breki vipake grisi nyembamba. Ikiwa siti ni ya ngozi, ifute ukungu kwa kitambaa kikavu, usiifunike kwa nailoni. Funika kwa shuka la pamba linalopitisha hewa. Na bomba la siti lichomoe angalau mara moja kwa mwaka, ulifute, ulipake grisi, ulirudishe. Fanya hivyohivyo kwa ile ya milimani hasa, kama bomba lake ni la alumini ndani ya fremu ya chuma. Metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi huliana, na hiyo alumini itashikana na fremu kiasi kwamba hata jiliwa (kibanio cha mezani) na bomba refu havitaitoa.

Usalama nitausema kwa ufupi. Kufuli mlangoni peke yake halitoshi, maana mwizi akishaingia ana usiku mzima. Chimba shimo la sentimita 30 kwenye kona, pinda nondo ya milimita 16 iwe na umbo la U, itie ndani na ncha zilizopindwa, umwage zege. Mnyororo mzito upite kwenye kitanzi hicho na kwenye fremu za baiskeli, si kwenye magurudumu. Andika namba za fremu zote sita (tafuta chini ya boksi la kranki, pale mhimili wa pedali unapozunguka, au kwenye bomba la fremu lililo chini ya siti) na uzipige picha kila upande. Siku ukienda polisi kuchukua RB (namba ya taarifa yako), "baiskeli nyeusi aina ya Phoenix" Tanga nzima ndiyo hiyohiyo.

Meza ya kazi ianze hatua moja kutoka mlangoni, upande wa kulia, upate mwanga wa mchana. Kimo chake ni pale kiganja kinapoanzia ukisimama wima mikono ikining'inia. Kwa wengi ni sentimita 90 hivi. Uko mkoa wenye mtiki, Longuza kule Muheza si mbali, basi tafuta ubao wa mtiki wenye unene wa kutosha hata kama ni vipande vilivyounganishwa. Mchwa hawaupendi na unyevu hauupindi haraka. Miguu isikanyage sakafu moja kwa moja. Weka vikombe vya chuma au tofali chini yake. Ufunge meza ukutani kwa boliti, kwa sababu meza inayotembea ukigonga nyundo ni adhabu. Jiliwa iweke juu ya mguu wa meza, si katikati ambako ubao unanesa, na meno yake yafike kimo cha kiwiko chako.

Stendi usinunue. Mchomeleaji yeyote anaweza kukutengenezea ya mabomba: kitako kizito, mhimili, na juu yake mkono wenye taya mbili za mbao zilizovishwa tyubu. Zishike bomba la siti, zisishike mabomba ya fremu, hasa kwenye baiskeli za kisasa ambazo mabomba yake ni membamba na hubonyea. Kwa Phoenix, kamba mbili kutoka kwenye kenchi, moja ikishika siti na nyingine usukani, zinafanya kazi vizuri kuliko stendi nyingi za dukani. Mafundi wa chini ya mwarobaini huipindua baiskeli miguu juu na maisha yanaendelea, na kwa kuziba pancha hakuna ubaya. Ila ukitaka kurekebisha gia za ile ya milimani unahitaji kuona cheni ikiwa imekaa kama inavyokaa barabarani.

Haya, itoe sasa orodha yako, uifute nusu. Vifaa vya baiskeli vinaamuliwa na baiskeli ulizonazo. Ya milimani inataka elenki (funguo za pembe sita), na kwa kazi nyingi ni namba 4, 5 na 6 tu. Za Kijapani: spana 10 kwa breki, 15 kwa nati za magurudumu. Pedali karibu zote ni 15, na kumbuka pedali ya kushoto hufunguka kinyume. Wengi wameharibu kranki kwa kulazimisha. Phoenix inataka seti ya spana za kawaida, nyundo, na chuma cha kugongea kota (pini zinazoshika kranki). Ongeza spana nyembamba za koni za habu, ufunguo wa spoku, kifaa cha kukatia cheni, bisibisi mbili, koleo, tupa na brashi ya waya. Nunua chache zilizo nzuri. Spana iliyolegea inakula pembe za nati, na nati iliyoliwa inakula saa zako.

Pampu ya kusimama yenye kipimo ni bora kuliko kompresa ndogo, na haikungoji umeme. Hakikisha inakubali valvu za aina zote: ile ya zamani yenye kampira ndani, iliyoko kwenye Phoenix na baiskeli nyingi za Kijapani; ile inayofanana na ya gari; na ile nyembamba ya baiskeli za mbio. Vipira vya valvu weka akiba nyingi. Ni vya bei ndogo na ndivyo vinavyosababisha nusu ya "pancha" za watu, tairi likiwa zima kabisa.

Kwenye rafu ya matairi ndipo mafundi wapya wanapopotezea fedha, kwa hiyo tulia nami hapa. Namba za inchi zinadanganya. Tairi la 26 la baiskeli ya milimani na tairi la 26 kwa 1⅜ la Kijapani yote yanaitwa "ishirini na sita", lakini halikai moja kwenye rimu ya jingine. Soma namba ya pili iliyoandikwa ubavuni kwa milimita, baada ya kistari. Ya milimani ya inchi 26 ni 559. Ya Kijapani ya 26 kwa 1⅜ ni 590, na ya 27 kwa 1⅜ ni 609. Phoenix yenye 28 kwa 1½ ni 635. Baiskeli mpya nyingi za mbio na za mjini ni 622. Andika namba hizo kwa kalamu nene pembeni mwa rafu, tundika matairi chini ya namba zake, na ukienda dukani taja milimita. Rafu yenyewe iwe mbali na mwanga wa jua. Jua hukausha mpira na kuupasua. Tyubu zitunze ndani ya mfuko na unga kidogo wa podari.

Gololi nazo ziwe na makopo yake. Habu ya nyuma na boksi la kranki mara nyingi hutumia za robo inchi, habu ya mbele 3/16. Usichanganye mpya na za zamani kwenye habu moja, kwa kuwa mpya ni kubwa kidogo na ndizo zitakazobeba mzigo wote peke yake. Ni rahisi kuzibadilisha zote.

Cheni ipime kwa rula ya inchi kabla ya kulaumu gia. Inchi 12 za cheni mpya huanza kwenye pini na kuishia kwenye pini kamili. Pini ya mwisho ikiwa imepitiliza kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni. Ikipitiliza kwa 1/8, meno nayo huenda yamekwisha, utabadilisha vyote. Na tafadhali usiilainishe kwa oili chafu ya gari. Najua kila mtu anafanya hivyo. Ile oili imebeba vumbi la chuma na masizi, unakuwa kama umeipaka cheni msasa wa maji. Oili safi kidogo, pini kwa pini, kisha futa ya juu yote. Ya nje haifanyi kazi yoyote zaidi ya kushika mchanga wa ufukweni. Baiskeli iliyopita karibu na maji ya bahari ioshwe kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, ikaushwe, ndipo ipakwe oili.

Kusafishia vyuma tumia mafuta ya taa ndani ya kopo lenye mfuniko, mlango ukiwa wazi. Petroli isiingie humo hata chupa moja. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche, na karakana ina cheche. Solusheni ya kuzibia pancha nayo inashika moto, usiiweke karibu na jiko wala sigara. Weka kizimamoto cha unga mkavu karibu na mlango, si mwisho wa chumba, maana hutaki kuuvuka moto ili ukifikie. Mafuta yaliyochafuka yakusanye kwenye dumu. Usiyamwage uani, hasa kama jirani ana kisima. Majirani wakianza kukuletea baiskeli za umeme, betri zichajiwe mchana mtu akiwepo, kwa chaja yake halisi, mbali na mlango wa kutokea na mbali na yale mafuta ya taa. Iliyovimba au iliyopasuka usiipokee kabisa.

Umeme: taa mbili ndefu za LED, moja mbele yako juu ya meza na nyingine juu ya stendi. Taa ikiwa nyuma yako utafanya kazi ndani ya kivuli chako mwenyewe. Soketi ziwe juu ya meza, mita 1.2 kutoka sakafuni, zisilowe ukiosha, na fundi umeme afunge swichi inayokata mkondo ukivuja. Tochi ya kichwani kwa siku za giza.

Na hao majirani. Usiwakaribishe mpaka baiskeli zako sita zimekaa humo msimu mzima na umeona pale pasipofaa. Ukianza kulipisha, hayo si mambo ya nyumbani tena: nenda TRA (mamlaka ya mapato) kwa TIN, namba ya mlipakodi, na halmashauri ya jiji kwa leseni ya biashara. Ndani ya gereji tenga mita moja ya sakafu upande wa nyuma kwa baiskeli za watu, zisichanganyike na za kwako. Kila moja ifungwe kikaratasi chenye jina, simu, ugonjwa aliosema mwenyewe, na bei mliyokubaliana kabla hujashika spana. Mita hiyo ikijaa, usipokee nyingine hata kama ni ya shemeji. Na ambayo mwenyewe haji kuichukua, mpigie kila wiki. Baiskeli za namna hiyo zina desturi ya kuhamia kwa fundi moja kwa moja.